Edward, Mlinzi wa Baraka

Maandiko ya kusoma kwanza: Mithali 22:1, 1 Nyakati 4:9-10, Ufunuo 2:17



Miezi michache iliyopita, Jumapili ya kubarikia watoto, papa mmoja wa kanisa letu hapa Baraka alisimama mbele pamoja na mke wake na mtoto wao wa kiume. Tukamwuliza jina la mtoto. Akanyamaza. Mke wake akamtazama, naye akatazama chini. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Mchungaji, mwandikeni tu Edward, kama mimi."

Baada ya ibada, mama mzazi wa papa huyo, mjane mwenye umri mkubwa, alitufuata mpaka mlangoni mwa ofisi. Hakukaa. Alisema, "Mchungaji, mtoto huyu jina lake ni la babu yake. Lakini mwanangu anaogopa kulitaja mbele yenu."

Maneno hayo yalituchoma, kwa sababu tulijua kosa lilikuwa la nani. Tutalieleza mbele kidogo, bila kuficha. Lakini usiku ule tuliona na aibu ya pili. Jina la Edward tulimpa papa huyo sisi wenyewe, siku ya ubatizo wake, na wala hatukujua maana yake. Tulipita katika chuo cha Biblia. Tulifundishwa maana ya Abrahamu, ya Israeli, ya Samweli. Lakini jina tulilomvika ndugu yetu ndani ya maji hatukuwahi kuuliza lilitoka wapi. Ndipo tukaketi kutafuta, na tuliyoyapata tunawaletea leo, kwa faida ya kila mzazi anayejiandaa kuleta mtoto mbele za Bwana.

JINA HILI LILITOKA WAPI?

Edward si jina la Biblia. Ukisoma tangu Mwanzo mpaka Ufunuo hutalikuta. Ni jina la Waingereza, tena la Waingereza wa kale sana, kabla lugha yao haijafanana na Kiingereza cha leo.

Limejengwa kwa maneno mawili. La kwanza ni "ead". Maana yake ni mali, ustawi, heri. La pili ni "weard", maana yake mlinzi. Kwa hiyo Edward ni mlinzi wa mali, au mlinzi wa heri.

Sasa sikilizeni jambo lililotushangaza. Karibu na mwaka 1000, Waingereza walipokuwa wakitafsiri Injili katika lugha yao ya wakati ule, walifika kwenye Mathayo sura ya 5, pale Bwana Yesu anapowataja walio heri. Walitumia neno gani? Walitumia "eadig", neno linalotoka katika mzizi uleule wa "ead". Basi heri ya mlimani, ile ambayo Bwana aliwatangazia maskini wa roho, wenye huzuni na wapatanishi, kwa lugha yao ilikuwa ndugu ya kipande cha kwanza cha jina Edward.

Nasi tunakaa wapi? Tunakaa Baraka. Mji wetu unabeba neno ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, na maana yake haiko mbali na hiyo. Papa yule, bila yeye kujua na bila sisi kujua, aliitwa mlinzi wa baraka, ndani ya mji wa Baraka.

Lakini tusikimbie. Waingereza wa kale hawakutunga kila jina kama mtu anayetunga sentensi. Walikuwa na maneno fulani ya kujengea majina, na mara nyingi familia moja ilirudia kipande kilekile kizazi baada ya kizazi. Kutoka "ead" walipata Edward, Edwin, yaani rafiki wa heri, na Edmund, yaani kinga ya heri. Mtu akisikia jina la mtoto aliweza kutambua ukoo. Jina lilikuwa kamba iliyomfunga mtoto na baba yake na babu yake.

Wazee wetu wa Fizi wakisikia hayo hawashangai. Ndivyo na wao walivyofanya. Mtoto akizaliwa, swali la kwanza halikuwa jina gani linapendeza, bali ni nani katika ukoo atakayeitwa tena.

WALIPOOKOKA HAWAKUACHA MAJINA YAO

Waingereza hao hawakuwa Wakristo tangu mwanzo. Babu zao waliabudu miungu kama Woden na Thunor, waliamini roho za misituni na za visima, na walivaa hirizi. Mwaka 597 mtumishi aitwaye Augustino, aliyetumwa kutoka Roma, alifika katika ufalme wa Kent pamoja na wenzake. Katika miaka mia moja iliyofuata, wafalme wa Waingereza mmoja baada ya mwingine walibatizwa.

Je, walipobatizwa waliacha majina yao na kuitwa Petro, Yohana na Yakobo? Kwa sehemu kubwa, hapana. Kwa zaidi ya miaka 400 Waingereza walimwabudu Kristo wakiwa na majina ya mababu zao. Maaskofu wao, watawa wao, wafalme wao, wengi waliitwa kwa majina ya kienyeji. Majina ya Biblia yalikuwa machache sana kati yao.

Mfano mkubwa ni mfalme Alfred, aliyetawala Wessex tangu 871 mpaka 899. Wapendwa, tunao akina Alfred wengi makanisani mwetu, na hakuna hata mmoja aliyeombewa kwa ajili ya jina hilo. Lakini mnajua maana yake? Ni "shauri la roho za porini". Kipande cha kwanza kinataja viumbe ambavyo Waingereza wa kale waliviogopa, wakiamini vinaleta magonjwa kwa watu na kwa mifugo. Kama jina hilo lingekuwa la Kibembe na lingetafsiriwa hivyo mbele ya kanisa, wangapi wetu wangeruka kusema, "Ni jina la mizimu, tulivunje kwa jina la Yesu"?

Lakini Alfred huyo alimcha Mungu. Alijifunza Kilatini akiwa mtu mzima, katikati ya vita, na akatafsiri katika lugha ya watu wake kitabu cha Gregorio kuhusu kazi ya uchungaji, ili wachungaji wapate mafundisho. Jina halikumzuia. Naye akamwita mwanawe Edward. Mwana huyo akatawala baada yake mpaka 924.

Ndiyo kusema, jina tunaloliita "jina la Kikristo" kwanza lilikuwa jina la mababu wa watu fulani. Lilikuwa jina la kijijini kwao. Likawa la Kikristo kwa sababu walioitwa hivyo walimpokea Kristo, na hawakuona haya kuja kwake na jina la nyumbani.

JINA LILIVYOKARIBIA KUFA

Mwanzoni mwa mwaka 1066 mfalme mwingine Edward alikufa, yule anayeitwa Edward Mwungamaji, aliyejenga kanisa la Westminster huko London. Hakuacha mtoto. Mwaka uleule William wa Normandy alivuka bahari kutoka upande wa Ufaransa na jeshi lake, akaiteka nchi, akavikwa taji siku ya Krismasi.

Tangu hapo mambo yakageuka. Wakubwa wapya walisema Kifaransa. Majina yao yalikuwa William, Robert, Richard. Mwingereza aliyetaka mtoto wake aheshimiwe akampa jina la wakubwa. Katika vizazi vichache majina mengi ya zamani yalipotea kabisa, kwa sababu yalikuwa yamekuwa majina ya watu wa shambani, ya kuchekwa.

Sisi tuliozaliwa Kongo tunaijua hadithi hiyo. Mbelgiji alipokuja na leta yake, watoto wetu waliitwa Albert, Léopold na Baudouin. Hata ghuba yetu hii, kati ya Baraka na Ubwari, ramani za Wazungu zinaiita Burton, kwa jina la Mwingereza aliyepita katika ziwa hili mwaka 1858.

Lakini Edward halikufa. Mfalme Henry wa Tatu, aliyesema Kifaransa kama wakubwa wenzake, alimheshimu sana yule Edward Mwungamaji. Mwaka 1239 alipopata mwana, hakumwita William wala Richard. Alimwita Edward. Jina lililokuwa limeshuka likapandishwa tena. Mwana huyo, na mjukuu wake, na kitukuu wake, wote waliitwa Edward, nao walitawala mfululizo tangu 1272 mpaka 1377. Toka wakati ule mpaka leo jina halijaondoka Uingereza, na Wafaransa nao wanaliandika Édouard, jinsi lilivyo katika makaratasi ya wazee wetu wengi.

Jina liliokolewa na mtu mmoja aliyekataa kuona haya.

AKINA EDWARD WAWILI NA WATUMWA

Tumesema "ead" lina maana mbili, mali na heri. Hapo ndipo mtu mwenye jina hilo anapochagua njia. Tuwatazame wawili, kwa sababu habari zao zinagusa watu wetu.

Wa kwanza ni Edward Colston, aliyezaliwa Bristol, Uingereza, mwaka 1636. Alikuwa mfanyabiashara na mmoja wa viongozi wa kampuni ya mfalme iliyosafirisha watumwa kutoka Afrika ya magharibi kuvuka bahari. Katika miaka aliyokuwa ndani ya kampuni hiyo, watu wapatao 84,000 walichukuliwa, na maelfu yao walikufa ndani ya merikebu. Colston alikuwa mtu wa kanisa. Alitoa fedha nyingi kwa shule na kwa maskini wa mji wake, wakamjengea sanamu. Tarehe 7 mwezi wa 6 mwaka 2020 watu waliiangusha sanamu hiyo, wakaiburuta na kuitupa ndani ya maji ya bandari. Alilinda mali. Heri ya watu aliiuza.

Wa pili ni Edward Steere. Alifika Zanzibar mwaka 1864 na misheni ya Kianglikana, na mwaka 1874 akawa askofu. Wapendwa, Zanzibar ilikuwa mwisho wa njia ambayo ilipita kwetu. Misafara ilitoka Manyema, ikavuka ziwa hili mpaka Ujiji, ikaenda Tabora, ikashuka Bagamoyo, na waliobaki hai wakasimamishwa sokoni Zanzibar. Soko hilo lilifungwa mwezi wa 6 mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mapatano na Waingereza. Siku ya Krismasi ya mwaka uleule liliwekwa jiwe la msingi la kanisa, palepale penye uwanja wa kuuzia watu. Steere alisimamia ujenzi wake. Alikufa mwezi wa 8 mwaka 1882, akazikwa ndani ya kanisa hilo, nyuma ya madhabahu.

Tena alifanya kazi nyingine inayotugusa zaidi. Alijifunza Kiswahili, akaandika kitabu cha kukifundisha, akafungua mashine ya kuchapa ambayo vijana waliokombolewa utumwani waliifanyia kazi, na akaongoza tafsiri ya Agano Jipya kwa Kiswahili. Biblia nzima ilitoka mwaka 1891, yeye akiwa amekwisha kulala. Ile tunayoisoma leo ni tafsiri ya baadaye, lakini njia ilifunguliwa na mikono ile.

Wakati uleule, mwaka 1878, Edward mwingine alifika katika ziwa letu lenyewe. Ni Edward Hore, baharia wa misheni ya London. Alikaa Ujiji, akapima fukwe za Tanganyika kwa mashua, na misheni yake ikaleta vipande vya chuma vya merikebu iliyoitwa Good News, yaani Habari Njema, iliyoingizwa majini mwaka 1885.

Colston na Steere waliitwa jina moja, kwa lugha moja. Mmoja alikula jasho na damu ya watumwa, mwingine alilala kaburini penye soko lao, soko likiwa limekuwa nyumba ya sala. Jina halikumwokoa wa kwanza. Halikumtosha wa pili mpaka alipoitika mwito.

ZIWA LILILOBADILISHWA JINA

Huko Kivu ya Kaskazini kuna ziwa ambalo wengi wenu mmekula samaki wake. Wenyeji wa kando yake walikuwa na majina yao kwa ziwa hilo. Mwaka 1889 Stanley akalipa jina la Albert Edward, mwana wa malkia wa Uingereza. Baadaye likabaki Edward tu. Mwaka 1973 Mobutu akaliita Ziwa Idi Amin, kwa heshima ya rafiki yake wa Uganda. Amin alipoangushwa mwaka 1979, likarudi kuwa Edward. Katika miaka hiyo yote mvuvi wa Vitshumbi alitupa nyavu zake katika maji yaleyale.

Mobutu huyohuyo aligusa na majina ya watu. Mwezi wa 10 mwaka 1971 nchi iliitwa Zaire, na mapema mwaka 1972 yeye mwenyewe akaacha jina la Joseph-Désiré. Kisha majina ya kigeni yakapigwa marufuku, na watumishi wa Mungu wakatishwa kifungo wakithubutu kumbatiza mtoto kwa jina la Kizungu. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, naye akalazimika kukaa Roma kwa muda. Akina Édouard wakajificha. Kazini na shuleni waliitwa kwa jina la babu, nyumbani na kanisani kwa lile lingine. Ndiyo asili ya postinomu tunayoiandika mpaka leo kwenye makaratasi. Marufuku hiyo ililegea tu mwaka 1990, chama kimoja kilipoisha.

Kisha ikaja vita ya 1996. Watu wetu wengi walivuka ziwa usiku kwa mitumbwi, wakafika Kigoma, wakapelekwa Nyarugusu na Lugufu. Huko Tanzania jina la Edward lilikuwa la heshima. Wenyeji walikuwa bado wanamsifu Edward Moringe Sokoine, waziri mkuu aliyekufa katika ajali ya gari tarehe 12 mwezi wa 4 mwaka 1984, na ambaye wanamkumbuka kwa kupiga vita ulanguzi na wizi wa mali ya umma. Watoto waliozaliwa kambini waliandikwa kwa tahajia ya Kiingereza. Tangu mwisho wa mwaka 2005, meli zilipoanza kuwarudisha watu Baraka, akina Edward walishuka bandarini kukutana na akina Édouard waliobaki, na mara nyingine ni baba na mwana katika nyumba moja.

KOSA LETU

Papa tuliyemtaja mwanzoni ni mmoja wa waliorudi. Alikuja katika darasa la ubatizo akiwa kijana, na jina lake lilikuwa la Kibembe, la babu yake. Sisi tulimwambia hawezi kuingia majini na jina hilo. Tulisema ni mlango wa mizimu. Hatukumwuliza maana yake. Hatukumwita baba yake. Tulimchagulia Edward kwa sababu lilisikika vizuri na tulikuwa tumelizoea, tukamwandikia kadi.

Baba yake alikuwa bado hajaokoka, lakini alikuwa ameanza kuja na kukaa kwenye benchi la nyuma. Alipopata habari, hakugombana na mtu. Alisema tu, "Vita ilinichukulia mashamba na nyumba. Kanisa limenichukulia baba yangu." Hakurudi tena. Alikufa bila kurudi.

Wapendwa, tumesema hayo mbele ya kanisa na sasa tunayaandika. Mobutu alitumia sheria kuwanyang'anya watu jina moja. Sisi tulitumia maji ya ubatizo kuwanyang'anya lingine. Alichokosea yeye, na sisi tulikikosea.

Tulirudi katika Neno, na Neno likatuhukumu. Mtume Paulo alikuwa na mwenzake Apolo, ambaye jina lake linatokana na mungu wa Wayunani. Epafrodito, yule ndugu wa Wafilipi 2:25, alibeba ndani ya jina lake mungu wa kike Afrodite. Katika Warumi 16:14 anasalimiwa mwamini aitwaye Herme, nalo ni jina la mungu mwingine. Paulo, aliyekemea pepo, hakumwambia hata mmoja wao aache jina. Naye mwenyewe hakubadilishwa jina njiani kwenda Dameski, kama tunavyozoea kuhubiri. Matendo 13:9 inaonyesha kwamba Sauli aliitwa pia Paulo. Alikuwa na majina mawili, moja la nyumbani na moja la Kirumi.

Hatusemi kwamba majina ni kitu bure. Mungu alimpa Abramu na Yakobo majina mapya. Lakini aliyebadilisha alikuwa Mungu, kwa kusudi lake, si mzee wa kanisa kwa haraka yake. Wala hatusemi kila jina libaki. Kuna mtoto anayeitwa Shida, Mateso au Masumbuko kwa sababu alizaliwa wakati wa kukimbia. Kama mtu kama huyo anaomba jina jingine, tumsikilize. Lakini tumkumbuke na Yabesi. Mama yake alimpa jina la huzuni, naye hakuacha jina. Alimlilia Mungu amzidishie baraka, na Mungu akampa alichoomba, na jina lake likabaki Yabesi mpaka leo.

MWITO WETU KWA WAZAZI

Tulienda nyumbani kwa yule mama mjane, wachungaji na wazee wa kanisa pamoja. Tuliketi kwenye mikeka. Tuliomba msamaha kwake na kwa mwanawe. Kisha tukafanya lile tulilopaswa kufanya miaka mingi nyuma. Tukauliza, "Mama, jina la mzee lina maana gani?" Akatueleza, akicheka na kulia. Hatuliandiki hapa, ni la familia. Tunasema tu kwamba halikuwa na mizimu ndani yake. Lilikuwa neno la shukrani.

Jumapili iliyofuata mtoto aliletwa tena, akaombewa kwa majina yake mawili, lile la babu na Edward. Baba yake alilitaja la kwanza kwa sauti ambayo watu wa nje walisikia. Furaha ilikuwepo. Lakini kiti cha babu kilikuwa kitupu, na hilo hatuwezi kulitengeneza tena. Tumebaki kumwomba Mungu atusamehe.

Basi, wazazi, mnapojiandaa kuleta watoto, tunawaomba haya. Kaeni na wazee kabla ya kuja kwetu. Ulizeni maana ya jina, liwe la Kibembe, Kifuliro, Kiswahili, Kifaransa au Kiingereza, wala msidhani la mbali ni safi kwa sababu tu limetoka mbali. Mtoto akikua, mwelezeni jina lake lilitoka wapi. Na wewe uliyeitwa Edward, usijivunie wafalme wa Uingereza. Jiulize unalinda nini: mali yako peke yako, au heri ya jirani yako? Katika nchi hii ambapo baraka za watu zimeporwa mara nyingi, tunahitaji walinzi.

Siku moja, inasema Ufunuo 2:17, kila ashindaye atapewa jina jipya ambalo hakuna alijuaye ila yeye anayelipokea. Jina hilo Bwana amelishika mkononi mwake. Mpaka siku hiyo, tuyatunze yale tuliyopewa na wazazi, tuishi chini yake kwa uaminifu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Jina langu lina maana gani, na nani alinipa?
2. Je, kuna mtu katika familia yetu aliyeumizwa kwa sababu ya jina? Tumwendee nani kuomba amani?
3. Baraka gani Mungu ameiweka mikononi mwangu niilinde kwa ajili ya wengine?

Bwana awabariki na kuwalinda. Amina.